Jasho Lisipokauka: Mwongozo wa Kuishi na Joto la Pwani

Nyuzi 32 za Dodoma na nyuzi 32 za Dar es Salaam hazilingani. Dodoma, mwezi wa Oktoba, mtu hukaa chini ya mwembe saa 8 mchana, akapumzika kidogo, kisha akarudi kwenye shughuli zake. Midomo imemkauka, lakini shati pia ni kavu. Dar es Salaam, mwezi wa Februari, mtu huyo huyo hutoka bafuni, na kabla hajamaliza kufunga vifungo mgongo umeshalowa. Kipimajoto kinasoma namba ile ile. Tofauti imo hewani.

Msimu wenyewe unajulikana. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo wa kaskazi huvuma ukitokea baharini, na jua huwa karibu na utosi; mjini Dar es Salaam jua hupita juu ya kichwa hasa siku za mwanzo za Machi. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, na usiku ni shida kushuka chini ya 25. Kisha kaskazi hulegea kabla upepo wa kusi haujashika, kipindi ambacho mabaharia hukiita tanga mbili, na hewa husimama. Ndipo ugomvi wa chenji ya shilingi 100 unapochukua vituo vitatu ndani ya daladala.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakazi wa ukanda huo, tangu Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Mtwara. Una maneno pia kwa wanaokwenda kufanya kazi nchi za Ghuba na wanaokwenda Hija, kwa sababu huko joto lina sheria nyingine.

Swali moja la kujiuliza

Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho linalodondoka sakafuni halijafanya kazi yoyote. Kinachopoza ni kukauka kwake juu ya ngozi. Lita 1 ya jasho ikikauka mwilini huondoka na takriban kilokalori 580 za joto. Ikitiririka hadi kwenye soksi, maji na chumvi vimepotea bure. Hewa ya pwani, ambayo tayari imejaa mvuke wa bahari, haina haraka ya kupokea mvuke mwingine.

Wataalamu wa hali ya hewa hulipima jambo hili kwa kuchanganya joto na unyevu ili kupata joto linalohisiwa na mwili. Nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 40 huhisiwa kama nyuzi 33. Nyuzi hizo hizo zenye unyevu wa asilimia 70 huhisiwa kama nyuzi 41. Na hesabu hiyo ni ya kivulini. Juani huweza kuongezeka nyuzi 8 nyingine.

Kwa hiyo kila unaposhauriwa njia ya kupambana na joto, jiulize kwanza: je, njia hii inasaidia jasho kukauka? Ushauri mwingi unaosambazwa kwenye simu hutoka nchi kavu na haufai Pwani. Kutundika shuka mbichi dirishani ni mfano mmojawapo. Dodoma shuka hilo litapoza chumba. Dar es Salaam litaongeza unyevu kwenye chumba ambacho tayari kimeelemewa nao. Mtungi wa maji nao ni hivyo hivyo: hupoza kwa maji yanayopenya kwenye udongo na kukauka nje, ndiyo maana maji ya mtungi wa Singida hukata kiu kuliko ya mtungi wa Tanga.

Pangua ratiba kabla ya kununua kitu

Hatua ya kwanza haigharimu kitu. Kazi nzito zifanywe kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni. Kufua, kupalilia, kubeba maji, kuchanganya zege, mazoezi ya mpira, vyote vihamishwe kutoka saa za katikati. Wavuvi na wachuuzi wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, wameshamaliza sehemu kubwa ya kazi yao wakati maofisi yanafunguliwa.

Mwenye kazi isiyohamishika aigawe. Mama lishe anayepika kwa kuni au mkaa ana joto mara mbili, la jua na la jiko. Kinachoweza kuchemshwa alfajiri, kama maharage, kichemshwe alfajiri, mchana abaki na kupasha moto na kupakua. Jiko likae upande ambao upepo unaondoa joto kwa mpishi na kwa wateja. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, hivyo kibanda kilichozibwa kwa maturubai upande huo kimejinyima feni ya bure.

Dereva wa bodaboda hudanganywa na upepo wa mwendo, kwani akiwa barabarani hahisi jasho. Likimshika ni kijiweni, akisubiri abiria huku helmeti iko kichwani na jaketi limefungwa. Ukisimama, vua vyote viwili na ukae kivulini.

Maji, chumvi na dafu

Usingoje kiu. Anayefanya kazi juani anywe takriban robo lita, yaani kikombe kimoja, kila baada ya dakika 15 hadi 20. Asivuke takriban lita 1.4 kwa saa. Maji mengi kupita kiasi bila chumvi huzimua damu na huweza kumletea mtu kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata degedege. Rangi ya mkojo ndiyo kipimo rahisi: ukiwa wa njano hafifu mambo ni mazuri, ukikolea mfano wa chai ya rangi umechelewa kunywa.

Kwa mtu wa ofisini anayekula milo mitatu, maji matupu yanatosha, kwa kuwa chumvi huipata kwenye chakula. Anayetoka jasho saa nyingi anahitaji kurudisha chumvi pia. Paketi ya ORS kutoka duka la dawa ni rahisi na vipimo vyake ni sahihi. Ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Usizidishe chumvi kwa kudhani itafanya kazi haraka.

Dafu ni kinywaji kizuri, na hakuna sababu ya kumpita muuzaji mwenye baiskeli yake. Lina potasiamu nyingi lakini sodiamu yake ni kidogo, na sodiamu ndiyo inayopotea zaidi kwenye jasho. Anayelitegemea dafu baada ya kazi ngumu alisindikize kwa kitu chenye chumvi, kama karanga au muhogo wa kuchoma uliopakwa chumvi na pilipili. Tikiti maji, matango, machungwa na kachumbari huongeza maji mwilini bila kulemea tumbo. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu vina sukari nyingi mno kuwa mbadala wa maji, na pombe humfanya mtu akojoe zaidi.

Wazee wa barazani husema kahawa ya moto hupoza mwili. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, walilipima jambo hilo. Wakakuta kinywaji cha moto huongeza jasho kiasi cha kufidia joto kilicholeta na kuzidi, lakini kwa sharti kwamba jasho lote liweze kukauka. Mwenye kijiwe cha kahawa Tabora ana hoja. Wa Mombasa, mwezi wa Machi, anywe kwa sababu anaipenda kahawa.

Chakula nacho kiangaliwe. Kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 kisizidi saa 1. Wali wa nazi ndio wa kwanza kuchacha. Kuhara katika msimu huu humtoa mtu maji mara mbili.

Nguo: nafasi kuliko rangi

Khanga, kikoi, kanzu, msuli na dera vina sifa moja muhimu: havigusi mwili kila mahali. Hewa hupita kati ya nguo na ngozi, na jasho hukauka. Pamba nyepesi inafaa. Suruali ya jinzi inayobana na fulana ya nailoni hufunga unyevu ndani.

Wengi huuliza kuhusu buibui jeusi. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa jangwani kwa kulinganisha majoho meusi na meupe ya Mabedui. Joho jeusi lilinyonya joto zaidi la jua, lakini joto lililomfikia mvaaji lilikuwa sawa na la joho jeupe, kwa sababu hewa iliyopashwa moto chini ya kitambaa chepesi kilicholegea ilipanda na kutoka nje. Kwa hiyo anayevaa buibui aangalie upana na wepesi wa kitambaa kabla ya rangi, na nguo ya ndani iwe moja, nyembamba, ya pamba.

Kofia ya ukili au mtandio unatosha kuukinga utosi, na mwamvuli hukinga zaidi, kwani ni kivuli unachotembea nacho.

Watoto huota vipele vya harara shingoni, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja. Husababishwa na vinyweleo vya jasho vilivyoziba. Kumpaka mtoto mafuta mazito ya mgando huziba zaidi, na poda nyingi ikichanganyika na jasho hugeuka uji. Muogeshe kwa maji ya kawaida, mkaushe taratibu, umvalishe nguo moja iliyolegea au umwache bila nguo kivulini.

Nyumba na usiku

Mwili uliochoka na joto la mchana hujirekebisha usiku. Ukikosa nafuu usiku tatu mfululizo, mchana wa nne utakukuta huna akiba. Kama fedha ni kidogo, itumike kwenye chumba cha kulala kabla ya sebule.

Chukua mfano wa chumba cha kupanga cha kawaida Mbagala au Manzese, Dar es Salaam: mita 3 kwa 3, dirisha moja, bati juu, hakuna dari. Bati lililoingia kutu hunyonya jua mchana kutwa. Bati jipya linalong'aa huakisi mwanga mwingi, ila joto linaloingia ndani yake halitoki kwa urahisi, na saa 9 alasiri ukiinua mkono kuelekea paa unalihisi kiganjani. Rangi nyeupe ya paa hufanya mambo yote mawili, kuakisi na kutoa joto. Kama mwenye nyumba hakubali, weka dari, hata ya mkeka au mbao nyembamba, na uache tundu za hewa kati yake na bati ili joto litoke.

Dirisha linahitaji mwenzake upande wa pili. Palipo na dirisha moja tu, tundu lenye wavu juu ya mlango hufanya kazi hiyo. Mafundi wa siku hizi hupendelea madirisha ya alumini ya kuteleza, ambayo hata yakifunguliwa yote nusu ya nafasi hubaki na kioo. Madirisha ya zamani ya vipande vya vioo vinavyoinuliwa kwa mkono wa chuma yalipitisha upepo dirisha zima. Anayejenga sasa alifikirie hilo kabla hajatoa oda.

Kuna ushauri wa kufunga madirisha mchana na kuyafungua usiku. Unafaa nyumba yenye kuta nene katika nchi ambayo usiku hupoa sana. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, zenye kuta za matumbawe na chokaa, dari ndefu, na vichochoro vyembamba vinavyokingana jua, zinaweza kuhifadhi ubaridi wa alfajiri hadi mchana. Chumba cha matofali membamba chini ya bati hakiwezi: kufikia saa 7 mchana ndani kuna joto kuliko nje. Humo fungua kila kitu, na uweke pazia au turubai nje ya dirisha la magharibi ili jua la alasiri lisiingie.

Mkoani Mtwara zimejengwa nyumba 110 za majaribio zijulikanazo kama Star Homes. Ni za ghorofa, chumba cha kulala kikiwa juu, na sehemu kubwa ya kuta ni wavu unaopitisha upepo na kuzuia mbu. Si kila mtu ataweza kujenga hivyo, lakini wazo la kulala juu kidogo, penye upepo, linawezekana hata kwenye nyumba ya kawaida.

Feni ndiyo silaha kuu ya Pwani, kwa sababu haipozi hewa, inakausha jasho. Ya kawaida hula wati 50 hadi 75, hivyo kuiwasha saa 10 hutumia nusu uniti ya umeme wa LUKU au zaidi kidogo. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula takriban wati 1,000 kikiwa kinavuta. Ukiwa nacho, kiweke nyuzi 27 na uwashe feni pamoja nacho. Shirika la Afya Duniani linasema upepo huo hufanya chumba kihisiwe kimepoa nyuzi 4 zaidi. Kukiweka 18 ni kulipia baridi utakayojifunika nayo blanketi.

Kabla ya kulala, oga maji ya kawaida, usijifute kwa ukamilifu, kaa mbele ya feni. Usiku wa tanga mbili, lowesha khanga, uikamue, ujifunike kifuani huku feni ikikupulizia.

Chandarua kisiachwe. Ni kweli kinapunguza upepo kwa zaidi ya nusu, na joto ni sababu mojawapo kubwa ya watu kukikunja. Lakini malaria haisubiri kusi. Tundika cha pembe nne, kipana, kisiguse mwili, na sogeza feni ya kusimama karibu na kitanda ili kinachopenya kitoshe.

Mgeni wa joto

Aliyetoka Njombe au Arusha kuja Dar es Salaam kufanya kibarua ana hatari kuliko mwenyeji, hata akiwa na misuli mikubwa. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea: jasho huanza kutoka mapema, huwa jingi, na chumvi yake hupungua. Kanuni inayotumika kazini ni kumpa mgeni asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza, kisha kuongeza asilimia 20 kila siku. Msimamizi wa saiti anayempandisha kijana juu ya paa saa 7 mchana siku yake ya kwanza amfahamu huyo kama mgonjwa mtarajiwa.

Kwa wanaokwenda Ghuba, miezi ya hatari ni Juni hadi Septemba, na serikali za huko zimeweka saa za kupumzika kwa kazi za nje. Oman ni saa 6:30 mchana hadi 9:30 alasiri, Juni hadi Agosti. Falme za Kiarabu ni saa 6:30 hadi 9:00, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15. Qatar ni saa 4 asubuhi hadi 9:30 alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Zijue saa hizo kabla hujapanda ndege, kwa sababu ni haki yako.

Na kanuni ya feni ina mpaka wake. Hewa ikizidi nyuzi 40, feni humpulizia mtu joto badala ya kumpoza. Dar es Salaam haifiki huko, Muscat hufika. Quriyat, pwani ya Oman, Juni 2018 ilipita saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Katika mazingira hayo kinachookoa ni kiyoyozi, kivuli na maji mwilini.

Mahujaji nao wakumbuke Juni 2024, ambapo joto kwenye Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8 na watu zaidi ya 1,300 wakafariki. Mamlaka za Saudi Arabia zilisema asilimia 83 yao hawakuwa na vibali, hivyo walitembea masafa marefu juani bila hema. Safari ya kibali, mwamvuli wa rangi nyepesi na chupa ya kunyunyizia maji usoni vihesabiwe kuwa sehemu ya maandalizi.

Ramadhani ndani ya kaskazi

Hadi mwaka 2030 mwezi wa Ramadhani utaangukia ndani ya msimu huu wa joto. Saumu ya Pwani huchukua saa 13 na ushee, na mwenye afya huimudu akipanga vizuri. Maji yanywewe kidogo kidogo tangu futari hadi daku, badala ya kumiminwa lita 2 wakati wa adhana. Tende, uji, matunda na supu hurudisha maji na chumvi. Daku isirukwe, na isiwe ya vyakula vya chumvi nyingi. Kazi nzito zisogezwe asubuhi mapema. Anayepata kizunguzungu cha kuanguka au kuanza kuchanganyikiwa afungue, kwani mgonjwa ana ruhusa.

Wa kuangaliwa zaidi

Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi maji hata kwenye joto. Anyonye mara nyingi zaidi, na mama anywe zaidi. Mtoto yeyote asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika za kuingia dukani, kwa sababu joto la ndani hupanda takriban nyuzi 11 katika dakika 10 za kwanza. Walimu na madereva wa mabasi ya shule wahesabu watoto viti vyote, hadi nyuma kabisa.

Mzee hahisi kiu kama zamani. Usimuulize Bibi kama ana kiu. Mpelekee kikombe, ukae naye hadi akimalize. Mjamzito apunguze kazi za juani, kwani joto kali linahusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Wenye presha wanaotumia dawa za kukojosha hupoteza maji haraka, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za mzio hupunguza jasho. Dawa zisiachwe kiholela. Muulize daktari kabla msimu haujaanza.

Mwenye kisukari asiye na friji asikate tamaa. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva waliichunguza insulini katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama lile la nyumba za kambi ya Dadaab nchini Kenya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa ilihimili wiki 4. Ifungwe vizuri isiingie maji, iwekwe kwenye chungu kilichotiwa mchanga mbichi, ingawa Pwani hupoza kidogo kuliko bara, mbali na jua na jiko. Isiwekwe kwenye barafu, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena.

Mtu akizidiwa

Dalili za mwanzo ni misuli kukaza, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi na unyonge. Mtoe juani, mlaze, mwinue miguu, mlegeze nguo, mlowanishe na kumpepea, mpe ORS au maji kwa mafunda madogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, apelekwe zahanati.

Hatari kubwa ni kiharusi cha joto. Joto la mwili hufika nyuzi 40 au zaidi, na akili hubadilika: mtu huongea ovyo, huyumba, hugombana na wanaomsaidia, au hupoteza fahamu. Ngozi yaweza kuwa kavu, lakini kwa aliyekuwa kazini mara nyingi bado imelowa jasho, kwa hiyo jasho lisikudanganye kwamba yuko salama.

Huku kwetu, mwili wa moto na maneno yasiyoeleweka huitwa malaria mara moja. Mgonjwa hupewa panadol, hufunikwa khanga, hupakiwa kwenye bajaji. Panadol haishushi joto la aina hii, kwani halikutokana na maambukizi, na kila dakika inayopotea inaumiza ubongo, figo na ini. Kama alikuwa juani au mbele ya tanuri, mpoze kwanza. Kipimo cha malaria kitafanyika hospitali.

Tuma mtu mmoja atafute usafiri, waliobaki wapoze. Kama kuna diaba au pipa lililokatwa, mtumbukize kwenye maji ya baridi hadi shingoni, mtu mmoja akimshika kichwa muda wote. Kama hakuna, mvue nguo, mmwagie maji mfululizo mwili mzima, na watu wawili wampepee kwa nguvu kwa khanga au vipande vya boksi. Muuza samaki au muuza soda wa jirani ana barafu: ifungeni kwenye kitambaa, muiweke shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiye na fahamu kamili asinyweshwe chochote, na alazwe ubavu akitapika.

Lengo ni kumshusha ndani ya nusu saa ya kwanza. Gari likifika, endeleeni kumlowanisha njiani na madirisha yawe wazi. Mkifika mapokezi, mwelezeni muuguzi mambo manne: alikuwa anafanya nini, kwa muda gani juani, alianza kuchanganyikiwa saa ngapi, na anatumia dawa gani.